Koti la kirusi: jinsi protini inavyoulinda uzi wa chikungunya

Kati ya Mei na Julai 2004, homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo ilienea katika kisiwa cha Lamu mtaa baada ya mtaa. Uchunguzi uliohusisha maabara za Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Nchini, KEMRI, ulithibitisha kwamba ni chikungunya. Oktoba mwaka huo watafiti walirudi wakapima damu za wakazi, na wakakuta kwamba watu wapatao 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Kwa idadi ya watu waliokuwa wakiishi kisiwani wakati huo, hao ni karibu 13,500. Ni milipuko michache inayofagia mji namna hiyo kwa muda wa miezi michache.

Jina la ugonjwa huu lina asili ya Kimakonde, na linahusu kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea akiwa amejipinda kwa maumivu. Ulielezwa na madaktari baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Baada ya Lamu uliingia Mombasa mwishoni mwa 2004, ukavuka hadi Komoro mwanzoni mwa 2005, kisha Réunion, na mwaka 2006 nchini India pekee wagonjwa walioshukiwa kuwa nao walizidi milioni 1.

Kilichosafiri umbali wote huo ni kitu kidogo mno. Chembe moja ya kirusi cha chikungunya ina upana wa takribani nanomita 70, yaani ukizipanga chembe 1,000 kwa mstari zinakaribia unene wa unywele mmoja. Ndani yake mna uzi mmoja wa RNA, na uzi huo ukiwa peke yake hukatikakatika mara tu unapoguswa na damu au jasho. Somo hili linaeleza ni nini kinachoufanya usikatike, na kwa nini mkazi wa Lamu anayechotwa damu hospitali, au anayefunika mtungi wake, anahusika na jambo hilo.

Uzi usiodumu

Kila kiumbe hai hubeba maelekezo ya kujijenga. Binadamu, ng'ombe, mkoko na bakteria huyatunza maelekezo yao katika DNA, ambayo ni nyuzi mbili zilizosokotana. Virusi vingi vinavyosumbua pwani yetu huyatunza katika RNA: chikungunya, dengi, surua, homa ya Bonde la Ufa na korona. Maelekezo yote kwa ujumla wake huitwa jenomu. Jenomu ya binadamu ina herufi bilioni 3 hivi. Ya chikungunya ina herufi zipatazo 11,800 tu, na kwa herufi hizo chache kirusi kinajua kuingia katika seli, kuiteka, kujinakili na kutoka.

Udhaifu wa RNA una sababu mbili. Ya kwanza iko katika maumbile yake. Kila pingili ya uzi wa RNA ina kikundi cha oksijeni na haidrojeni ambacho DNA haina. Kikundi hicho kimekaa kando kabisa ya kiungo kinachounganisha pingili moja na inayofuata. Joto likizidi, au maji yakiwa na magadi, kikundi hicho hukishambulia kiungo cha jirani na kukikata. Ni kamba iliyosokotwa pamoja na wembe wake.

Sababu ya pili ni maadui wa nje. Jasho, mate, machozi, damu na ngozi ya binadamu vimejaa vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kukata RNA. Mwili huvitengeneza kwa makusudi, na hii ni mojawapo ya njia zake za zamani za kujikinga. Vimeng'enya hivi ni vigumu kufa: baadhi yake vikichemshwa vikapoa, hurudia kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo sababu wataalamu wa maabara zinazopima RNA huvaa glavu muda wote. Wanajilinda wao, lakini pia wanaulinda uzi dhidi ya vidole vyao.

Na uzi ukikatika mara moja tu katikati, hauna kazi tena. Seli haiwezi kunakili kirusi kizima kutoka kwa nusu mbili, kama vile fundi asivyoweza kushona kanzu kwa nusu ya vipimo.

Namna protini inavyoushika

Kinga ya uzi ni protini iitwayo kapsidi. Katika chikungunya ina asidi amino 261 zilizoungana kama shanga, na shanga hizo zimegawanyika katika sehemu mbili zenye tabia tofauti.

Nusu ya mwanzo hailali katika umbo maalumu. Inaning'inia kama mkono uliolegea, na imejaa asidi amino mbili, laisini na arjinini, zenye chaji chanya ya umeme. RNA nayo ina kikundi cha fosfeti katika kila pingili, na kila fosfeti ina chaji hasi. Mwanafunzi aliyewahi kusugua kichana cha plastiki kwenye nywele kisha akaona kinavuta vipande vya karatasi ameshaona nguvu ya aina hii ikifanya kazi. Mkono wenye chaji chanya huvutwa na uzi wenye chaji hasi, nao hujilaza juu yake.

Mvuto huo una faida nyingine ambayo si rahisi kuiona mara moja. Uzi wenye chaji hasi kila mahali haupendi kukunjwa, maana kila sehemu yake inaisukuma nyingine mbali. Ukinyooshwa, uzi wa chikungunya ni mrefu kuliko upana wa chembe nzima kwa makumi ya mara. Ni kama kutaka kuiingiza kamba ya nanga ya pima 80 ndani ya kapu la upana wa pima moja, huku kamba yenyewe ikijisukuma kutoka. Mikono ya kapsidi inapoushika uzi, chaji chanya huituliza ile hasi, na kamba hukubali kukunjwa. Kwa hiyo protini hii hufanya kazi mbili kwa pamoja: inaufungasha uzi na inauficha.

Nusu ya pili ya kapsidi ni ngumu na ina umbo. Hii ndiyo inayojenga ukuta. Kapsidi moja hushikana na jirani yake, na jirani na mwingine, mpaka zinafika 240. Idadi hii haibahatishwi. Ukuta una vikundi 12 vya protini tano tano na vikundi 30 vya protini sita sita. Mwanafunzi anaweza kuhakiki: 12 mara 5 ni 60, 30 mara 6 ni 180, jumla 240. Mpira wa miguu wa zamani, ule wa vipande vyeusi na vyeupe, umeshonwa kwa wazo hilo hilo, na vipande vyake vyeusi vyenye pembe tano ni 12 vile vile. Bila vile vya pembe tano ngozi isingefunga duara.

Hiyo nusu ngumu ina historia ya ajabu kidogo. Kapsidi inapotengenezwa huwa imeungana na protini nyingine za kirusi katika mnyororo mmoja mrefu, na yenyewe ndiyo hujikata kutoka kwenye mnyororo huo, kwani umbo lake ni la mkasi. Ikishajikata, mkia wake mwenyewe huziba makali. Mkasi hutumika mara moja katika maisha yake, kisha unakuwa tofali.

Swali gumu zaidi ni jinsi kapsidi inavyotambua uzi wake. Mvuto wa chaji hausomi herufi, na RNA yoyote ina chaji hasi. Ndani ya seli ya binadamu mna RNA nyingi mno za seli yenyewe, na kirusi nacho hutengeneza nyuzi fupi za ziada kwa ajili ya kuzalisha protini za ukuta. Kapsidi ikifungasha yoyote inayopita, ingejaza mapakacha matupu. Jibu ni kwamba sehemu fulani ya uzi kamili hujikunja katika umbo ambalo kapsidi hulitambua na kulianzia. Nyuzi fupi hazina sehemu hiyo, kwa hiyo huachwa nje. Ni kama mzigo wa jahazi wenye alama ya mwenyewe: mpakizi hasomi barua iliyomo, anatazama alama.

Ukuta ukishafungwa, chembe husogea hadi kwenye utando wa seli na kutoka huku ikijivika kipande cha utando huo, ambao ni mafuta. Juu ya mafuta hayo hutokeza miiba 80 ya protini mbili zinazoitwa E1 na E2. Miiba ndiyo inayoshika seli inayofuata. Kwa hiyo kutoka nje kuingia ndani kuna miiba, mafuta, ukuta wa kapsidi, na mwisho uzi.

Ushahidi wa tumbaku

Namna watu walivyojua kwamba koti ndilo linalolinda na uzi ndio unaoambukiza ni habari ya kirusi cha mimea. Mwaka 1955, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walichukua kirusi cha batobato la tumbaku wakakigawa: protini chombo kimoja, RNA chombo kingine. Kisha walivichanganya tena. Protini zilijipanga zenyewe kuuzunguka uzi, zikaunda fimbo ndogo kama zile za mwanzo, na fimbo hizo zikaambukiza majani ya tumbaku. Hakuna aliyezipanga.

Mwaka uliofuata, Fraenkel-Conrat, na kwa upande wao Alfred Gierer na Gerhard Schramm nchini Ujerumani, walionyesha kwamba RNA tupu nayo yaweza kuambukiza jani. Protini tupu haikuweza. Lakini RNA tupu iliambukiza kwa udhaifu mkubwa sana ikilinganishwa na kirusi kilichovaa koti, kwa sababu sehemu kubwa yake iliharibika kabla ya kufika ndani ya seli.

Wakulima wa nyanya na pilipili wa Mpeketoni na Hindi wana sababu ya kukijua kirusi hiki, kwani hakibagui tumbaku peke yake. Kina herufi zipatazo 6,400 zilizoshikwa na protini 2,130, kila protini ikishika herufi tatu. Koti lake ni gumu kupita kawaida, na kirusi huweza kukaa miaka katika majani makavu na bado kikaambukiza. Mtu aliyetoka kushika sigara au ugoro anaweza kukipeleka kwenye miche ya nyanya kwa vidole. Kunawa kwa sabuni kabla ya kuingia kitaluni hakugharimu kitu.

Koti lazima livulike

Koti lisilovulika ni kaburi. Uzi ukiwa umefungwa hausomeki, na usiposomeka hakuna kirusi kipya. Kwa hiyo kapsidi inapaswa kushika kwa nguvu nje ya seli na kuachia ikishaingia ndani, bila kukosea wakati.

Chikungunya hulitatua jambo hili kwa namna nyepesi. Kirusi humezwa na seli ndani ya kifuko, na kifuko hicho hugeuka kuwa na asidi. Asidi huibadilisha miiba umbo, mafuta ya kirusi huungana na mafuta ya kifuko, na ukuta wa kapsidi hudondokea ndani ya seli. Humo hukutana na ribosomu, viwanda vidogo ambavyo seli hutumia kutengeneza protini zake. Ribosomu zenyewe zimejengwa kwa RNA nyingi, na kapsidi huvutwa nazo. Protini za ukuta hubanduka moja moja na kuhamia kwenye ribosomu, na uzi unabaki wazi mbele ya kiwanda kile kile kitakachousoma. Mlinzi anauacha mzigo mlangoni pa mpokeaji.

Virusi vingine havithubutu kuuacha uzi uchi hata kidogo. Kirusi cha surua kina herufi 15,894, na protini yake iitwayo N hushika herufi sita sita toka mwanzo hadi mwisho. Gawanya 15,894 kwa 6, unapata 2,649 kamili bila baki, na si bahati: uzi wa surua usiogawanyika kwa sita haunakiliki vizuri. Hata wakati wa kunakiliwa, N hufunguka kidogo mashine ikipita kisha hujifunga tena nyuma yake. Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa hufuata njia inayofanana, kila kimoja cha vipande vyake vitatu vya RNA kikiwa kimevikwa N. Hiyo ndiyo homa iliyoua zaidi ya watu 150 nchini Kenya katika mlipuko wa 2006 na 2007, na wafugaji wa bara wanajua inavyoanza, kwa mbuzi na kondoo kutupa mimba.

Korona nayo ina N yake. Watu wengi wamewahi kuigusa habari hii bila kujua: kipimo cha haraka cha korona, kile cha kuingiza kijiti puani na kusubiri mistari, hakitafuti uzi. Kinatafuta N. Protini hii ni nyingi katika kila chembe na haivunjiki upesi kama RNA, kwa hiyo inafaa kwa kipimo kinachofanyika mezani bila mashine.

Koti halichagui

Mashine inayonakili uzi wa chikungunya hukosea herufi na hairudi kusahihisha. Kapsidi nayo haikagui. Ikiona alama ya kufungasha, inafunga, iwe uzi ni sahihi au una kosa. Makosa mengi huua kirusi. Machache hukisaidia.

Kirusi kilichopita Lamu 2004 kilisambazwa na mbu Aedes aegypti, yule mwenye madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana. Réunion, ambako zaidi ya watu 250,000 waliugua 2005 na 2006, mbu aliyeenea ni mwingine, Aedes albopictus. Katika mlipuko huo lilitokea badiliko la herufi moja kati ya zile 11,800. Badiliko hilo liliigeuza asidi amino ya 226 katika protini ya mwiba, E1, kutoka alanini kuwa valini. Kirusi kipya kiliweza kuishi ndani ya albopictus vizuri zaidi kuliko kile cha Lamu. Mbu huyo anastahimili baridi, na mwaka 2007 chikungunya ilizuka katika vijiji vya kaskazini mwa Italia, ambako zaidi ya watu 200 waliugua.

Herufi moja ilibadilika, na koti lile lile likaibeba hadi Ulaya.

Sabuni, sampuli na birika

Wakati wa korona wakazi walifundishwa kunawa kwa sabuni, na sababu ni ile tabaka ya mafuta. Sabuni huyayeyusha mafuta, miiba hutawanyika, na kirusi hakina tena cha kushikia seli. Chikungunya pia ina tabaka hiyo na sabuni inaiua vile vile. Lakini kunawa mikono hakuzuii chikungunya, na ni vizuri hili lisemwe wazi, kwa sababu haiingii kwa mikono. Inaingia kwa sindano ya mbu, moja kwa moja kwenye mwili, ikiwa na koti lake kamili.

Kwa upande wa vipimo, udhaifu wa uzi ni jambo la kila siku. Homa ya chikungunya huanza kama malaria au dengi, na tofauti huthibitishwa maabara. Katika siku 5 za mwanzo, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi siku 8, damu ina chembe nyingi za kirusi, na kipimo cha PCR hutafuta uzi wenyewe. Wiki ya kwanza ikiisha, mwili huwa umezisafisha chembe nyingi, na kuanzia hapo kinachotafutwa ni kingamwili ambazo mgonjwa ametengeneza. Mtu anayekaa nyumbani siku 10 kisha akapimwa kwa PCR anaweza kuambiwa hana chikungunya, ilhali alikuwa nayo.

Jibu kama hilo la uongo linaweza kuja hata kwa aliyewahi. Sampuli ya damu kutoka Kizingitini, Ndau au Kiwayu lazima ivuke maji kabla ya kufika hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na ikihitajika maabara kubwa zaidi, ina safari nyingine mbele yake. Kapsidi huulinda uzi kwa muda, lakini joto la boti saa saba mchana hulegeza koti, na vile vimeng'enya vya damu vinasubiri hapo hapo. Sampuli ikitunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 huvumilia siku moja au mbili. Kwa muda mrefu zaidi inahitaji kugandishwa kabisa, na isiyeyushwe na kugandishwa tena na tena, kwa kuwa kila kuganda na kuyeyuka hupasua chembe. Maabara inapoamua kulivua koti kwa makusudi ili isome uzi, hutia kwanza kemikali kali inayovizima vimeng'enya. Kwa hiyo kisanduku cha barafu kinachoshushwa pamoja na sampuli bandarini si urasimu. Mhudumu wa afya wa nyanjani anayeandika saa na tarehe ya kuchota damu naye anafanya kazi ya maana, maana bila tarehe ya kuanza homa na ya kuchota, jibu la "hakuna" halisomeki.

Hakuna dawa inayoua kirusi cha chikungunya. Mgonjwa hupewa maji mengi, mapumziko na paracetamol. Aspirini na dawa za jamii ya ibuprofen ziepukwe mpaka dengi iwe imeondolewa katika orodha, kwa hatari ya kutokwa damu. Kuhusu chanjo, ipo moja inayofaa kutajwa katika somo hili kwa jinsi ilivyotengenezwa. Inaitwa Vimkunya, iliidhinishwa Marekani na Ulaya Februari 2025 kwa watu wa miaka 12 na kuendelea, na ni koti tupu: kapsidi na miiba imejipanga kama kirusi kamili, bila uzi ndani. Mwili unajifunza sura ya koti, na kwa kuwa hakuna maelekezo ndani yake, haliwezi kuzaana.

Kwa sasa kinga ya Lamu iko kwenye maji ya nyumbani. Inadhaniwa mara nyingi kwamba mbu huja na mvua, lakini utafiti uliochapishwa 2007 uliuhusisha mlipuko wa 2004 na ukame. Joto lilikuwa kali, mvua haba, na maji yaliyohifadhiwa majumbani yalikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Aedes aegypti hutaga kwenye kuta za ndani za chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Chombo kisuguliwe ndani kwa brashi kila wiki, kioshwe, kisha kifunikwe kwa kifuniko kinachokaza au kitambaa kilichofungwa: mtungi, pipa, dumu lililokatwa, tangi, na hata sahani ya chini ya chungu cha maua.

Nyumba za kale za mawe zilikuwa na njia yao. Katika birika la msalani waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika lilijengewa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuishi. Nyumba nyingi zilizokarabatiwa bado zina bakuli hilo. Samaki hawapo.

Na mgonjwa mwenyewe alale ndani ya chandarua mchana, si usiku tu, kwa wiki nzima ya kwanza ya homa. Huo ndio wakati ambapo chembe zilizofungwa vizuri ni nyingi katika damu yake, na mbu mmoja anayemuuma saa nne asubuhi huweza kuzihamishia kwa mtu wa nyumba ya pili siku chache baadaye.